Mama Tannus na Siku Padri Alipobariki Stoo Tupu

Kwa upendo, tukimkumbuka Afifa Khattar, Mama Tannus, wa kijiji cha Ain Sindyan, milimani kaskazini mwa Lebanoni.

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Januari, na hatuwezi kunyamaza hata dakika moja zaidi! Tumekaa kwenye meza yako tangu saa mbili asubuhi, watoto wako watatu, tukigombania kalamu. Tannus alitaka mistari minne na picha. Rafqa, aliyetoka Kanada kuja kwenye kumbukumbu yako, alitaka sala tu. Mimi Nuhad, kitinda mimba wako, nilisema tunaisimulia hadithi ya theluji, ile tuliyokukataza kuisema, la sivyo jina langu lisiandikwe hapo chini. Tannus akakuna shingo kama afanyavyo akizidiwa. Mwishowe akasema, "Iandike. Yote. Hata pale nilipokosea mimi." Mama, karibu niruke!

Basi sikiliza, na wote wanaosoma gazeti hili wasikilize pamoja nawe.

Ulikuwa ukiamka kabla ya kengele ya kanisa, kisha unakaa dirishani kumsema Ilyas mpiga kengele kwamba amechelewa. Mitufaha yako uliipa majina ya watu waliokuudhi, na Machi ikifika ukaipogoa kwa raha zako. Mgeni hakutoka kwako bila kikombe cha pili cha kahawa, lakini sukari uliitia wewe, kwa mkono wako, na kijiko ulikijaza nusu.

Kwa sababu ulikuwa mkono wa birika, Mama. Tuseme ukweli, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko sisi. Stoo yako ya chakula ilijulikana bonde zima: mitungi ya nyama iliyohifadhiwa kwenye mafuta yake, magunia ya kishk, ule unga wetu wa ngano na maziwa ya mgando, ngano ya kuvunjwa, dengu, tini kavu, zeituni, asali ya zabibu. Ulilelewa na bibi yako aliyeponea chupuchupu katika mwaka wa njaa kuu, na badala ya hadithi za kulalia alikusimulia nani alikufa na alikuwa amekula nini mara ya mwisho. Ukakua ukiogopa rafu tupu kuliko kaburi.

Na Wasyria hukutaka kuwaona. Kaka yako Yusuf alichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani cha askari wa Syria wakati wa vita na hakurudi, nawe ukawabebesha lawama hiyo Wasyria wote, mpaka watoto wachanga. Uliapa mbele ya picha yake ukutani kwamba hakuna Msyria atakayekula kutoka mtungi wako.

Kisha ukaja ule msimu wa baridi. Wa miaka minne iliyopita, lira ilipokuwa imeanguka na dizeli ya majiko haishikiki. Theluji ilianza siku moja baada ya Noeli na haikukata. Barabara ya kushuka pwani ikafunga, umeme ukaenda zake, na nyumba ishirini na mbili zilizokuwa na watu zikabaki zinatazamana. Waliozoea kupandishiwa vitu na lori la duka la chini waliishiwa ndani ya juma moja. Wakaanza kuja mlangoni kwetu na vikombe. "Mama Tannus, dengu kidogo tu." "Mama Tannus, mafuta ya kukaangia." Wawili wa kwanza uliwapa huku unauma meno. Wa tatu ukamwambia hatuna.

Wa nne alikuwa Fatum, Msyria. Yeye na mumewe Khalaf, anayejenga kuta za mawe mashambani, walikuwa wakiishi kwenye chumba cha zamani cha kufugia minyoo ya hariri, hatua sitini kutoka mlangoni kwetu, na mtoto wa miezi minne. Alikuja na chupa tupu ya maji mkononi.

"Shangazi, dizeli, nusu chupa. Mtoto ana kikohozi."

"Hatuna."

"Au kuni mbili tu, Shangazi."

"Nimesema hatuna. Nenda kwa waliokuleta."

Mlango ukaufunga. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, Mama, na mimi sikusema neno.

Sasa, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana ilikuwa inakaribia, na kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Padri anapita nyumba kwa nyumba na maji ya baraka, na haishii sebuleni. Anaingia mpaka stoo, na akinyunyiza maji, mama mwenye nyumba anachochea kila mtungi na kila gunia kwa mwiko akisema, "Idumu, idumu!" ili chakula kifike masika. Nyuma ya padri huingia mpiga kengele, nyuma ya mpiga kengele huingia majirani wa kusindikiza, na macho yao hayafungwi na mtu. Miaka yote siku hiyo ndiyo ilikuwa fahari yako. Ulifuta mitungi kwa kitambaa chenye siki ili ing'ae!

Mwaka ule ukakata shauri jingine. Ulinivuta mkono mchana baada ya chakula ukaniambia, "Nuhad, tunahamisha."

"Tunahamisha nini?"

"Kila kitu. Wakiviona, Jumatatu tumekwisha."

Tukahamisha. Tulivipeleka kwenye zizi la chini, ambalo halijaona mbuzi tangu Baba afariki, tukavipanga nyuma ya kuni na kuvifunika mablanketi. Wewe ulibeba, mimi nilibeba. Mgongo uliniuma siku tatu. Ulibakiza kwenye rafu nusu chupa ya zeituni na mfuko mmoja wa ngano, ili ionekane kweli. Ukarudi nyuma ukatazama, ukasema, "Hata mimi najionea huruma."

Abuna Sarkis, padri wetu, alifika asubuhi ya sikukuu, buti zimejaa theluji, Ilyas nyuma yake na kengele ndogo. Wasomaji wasiomjua Abuna wetu waambiwe kwamba alikuwa kiziwi wa kutosha na hakuwa na habari kwamba ni kiziwi. Aliimba sebuleni, akaimba jikoni, akafungua mlango wa stoo, akasimama. Alitazama zile rafu. Alinyunyiza maji kwenye mbao tupu, moja baada ya nyingine, pole pole, hakuruka hata moja. Nawe ukachochea nusu chupa ya zeituni kwa mwiko, "Idumu, idumu," ukitazama chini.

Abuna akalia, Mama. Alitoa tini kavu tatu mfukoni mwa kanzu yake akakutia mkononi, akakuambia, "Siri yako iko salama kwangu, binti yangu."

Nje, uani, mbele ya watu kumi na tano, akamnong'oneza mkewe, maana kwetu padri wa kijiji huweza kuwa na mke. Na mnong'ono wa Abuna Sarkis ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde. "MASIKINI MAMA TANNUS HANA KITU! ASIJUE MTU!"

Wewe ulikuwa dirishani. Nilikuona uso ukikuiva.

Hazikupita saa mbili mlango ukagongwa. Mama Ruhana, jirani wa juu, mwanamke mliyekuwa mkipimana ubavu kwa mitungi miaka arobaini, alisimama kizingitini na bakuli la dengu. "Usiseme kitu," akakuambia. "Najua una kiburi. Chukua." Ukachukua. "Mungu akulipe," ukasema. Akaja mwalimu wa shule na kipande cha jibini. Wakaja ndugu wawili wachonga mawe na viazi sita ndani ya soksi. Akaja hata Ilyas, ambaye ulimsema kila alfajiri ya maisha yake, na kopo la asali ya zabibu lililofika nusu. Nyumba kumi na nne, Mama! Kufika jioni rafu ulizoziacha tupu wewe kwa hila zilikuwa zimejaa chakula cha watu wasio na chakula. Mimi nilicheka mpaka nikajificha chooni, kisha nikalia hukohuko chooni.

"Turudishe," nikakuambia.

"Tutasema nini?"

"Ukweli."

"Nife kwanza," ukajibu, ukaenda kulala bila kula.

Asubuhi yake akaja Fatum. Alikuwa amevaa buti za mumewe, theluji imemfika mapajani, na kifuani amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa taulo. Ngano ya kuvunjwa na kitunguu, bado inafuka mvuke. Baadaye tulijua waliipika kwa kuchoma viatu vikuukuu na mguu wa kitanda.

Hakuingia. Alisimama palepale ulipomfungia mlango, akakuambia maneno haya, na mimi ni shahidi, sijaongeza hata herufi.

"Shangazi, nimekuja unisamehe. Siku ile uliposema hamna, nilikuwazia vibaya. Nilimwambia Khalaf, yule mama anacho ila anatuchukia. Kumbe kweli hamna. Nimepata dhambi juu yako." Akakupa sufuria. "Kula ingali ya moto. Nasubiri chombo changu, sina kingine."

Ikabidi ule mbele yake. Ulikaa kwenye kigoda karibu na mlango ukala kijiko kwa kijiko mpaka ukakwangua sufuria, na machozi yanaingia humohumo, na Fatum akidhani ni njaa akawa anakuambia, "Taratibu, Shangazi, utapaliwa." Alipoondoka ulibaki umekaa na kijiko mkononi.

Mchana kutwa ulikuwa chumbani na picha ya Bikira Maria. Nilisikia ukigombana naye. "Usinitazame hivyo. Nina watoto. Unajua bibi yangu alikula nini? Unajua Yusuf wangu yuko wapi? Basi niambie, kama unajua!" Kisha ukatoka ukiwa umefunga kilemba cha kwendea kanisani, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Ukaniambia, "Nuhad, nimempokea Yesu mdomoni miaka sitini. Leo amekuja mlangoni nikiwa nimemfichia chakula, akanilisha yeye."

Jumapili kanisa lilikuwa baridi, pumzi za watu zinaonekana. Abuna alihubiri habari za Yohana mtoni. Wakati wa komunyo watu wote walisimama, wewe ukabaki umekaa. Afifa Khattar amebaki kwenye benchi! Shingo zikageuka zote. Nilikubana kiwiko, ukanitoa mkono.

Abuna alipowaaga watu kwa amani, ukasimama katikati ya njia ukanyoosha mikono.

"Hakuna mtu kutoka! Ilyas, funga mlango."

"Kuna nini?" akauliza Abuna. "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu, Abuna. Nimesema uongo."

"Paza sauti, binti yangu, sisikii."

"Nimesema uongo!"

"Bado sisikii!"

"NIMEFICHA CHAKULA!" ulipiga kelele mpaka njiwa wa mnarani wakaruka. "Nyama, kishk, dengu, mafuta, vyote! Viko zizini nyuma ya kuni! Nimekula vyenu nyinyi wote, na vyangu vimejaa!"

Nilitaka ardhi inimeze, Mama, nakiri. Kisha Mama Ruhana akainuka taratibu, ameshika kiuno.

"Na dengu zangu ulizipokea?"

"Nilizipokea."

"Ukaniambia Mungu anilipe?"

"Nilikuambia."

"Basi leo atanilipa kwa nyama ya mafuta! Mnangoja nini, nyinyi? Twendeni zizini kabla hajabadili nia!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Wachonga mawe walikuwa wa kwanza mlangoni. Lakini wewe uliwasimamisha tena nje kwenye ngazi, ukasema bado kuna mtu mmoja, ukashika njia ya chumba cha hariri. Kijiji chote kikafuata nyayo zako, maana hakuna aliyetaka kukosa.

Fatum alifungua mlango na mtoto begani. Ukamwambia yote, bila kujitetea, pale kwenye theluji. Yeye hakucheka. Alikutazama sana.

"Mtoto wangu alilia siku nne, Shangazi."

"Najua. Nilimsikia."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia, nikaongeza sauti ya redio ya betri."

Hapo ndipo tulipojua kwamba jambo hili lingeweza kuishia vibaya. Khalaf alikuja akasimama nyuma ya mkewe, uso umekazana. Fatum alimhamisha mtoto bega hili hadi lile. Hukuomba msamaha mara ya pili, Mama, wala hukuondoka. Ulisimama tu, theluji inakuangukia kwenye kilemba, mwanamke wa miaka sabini. Mwishowe Fatum akashusha pumzi. "Ingia basi, unapitisha baridi."

"Siingii. Nyinyi ndio mtakuja kwangu. Kuna jiko, kuna kuni, na nafasi ipo."

"Watu watasema nini, Mama Tannus?" akauliza Khalaf.

"Watasema! Waache waseme. Nimewapa habari ya kutosha mpaka Pasaka."

Fatum akakupa mtoto. Ukamtia ndani ya koti lako, ukafunga vifungo, kikabaki kichwa tu nje.

Loo, siku ile! Watu walijipanga kutoka zizini mpaka ukumbi wa kanisa, mkono kwa mkono, na mitungi ikapita juu ya theluji huku wakiimba, na kila mtungi uliopita mtu alitangaza kilichomo kwa sauti ya mnadani. Mama Ruhana alisimama mwisho wa mstari akionja. "Chumvi nyingi! Miaka yote nilijua!" Rafqa alikuwa akinipigia simu kutoka Kanada na simu haikuwa na chaji, akadhani tumekufa sote kwa baridi, na sisi tulikuwa tunacheza dabke, ngoma yetu ya kushikana mikono, kwenye ukumbi tumbo likiwa limejaa.

Siku zilizobaki kijiji kilipika sufuria moja. Majiko matano yakawashwa badala ya ishirini na mawili, watu wakahamiana. Kwetu tulilala saba chumba kimoja. Jioni tulisali rozari, na Khalaf akatandika mkeka wake upande wa pili wa jiko akasali kwake, na ukimaliza wewe kwanza ulinikanya nisiongee mpaka amalize. Siku ya tatu Fatum akauliza picha ya ukutani ni ya nani. Ukamwambia ni kaka yako Yusuf, alichukuliwa kizuizini barabarani. Akasema, "Wangu anaitwa Hamud. Kizuizini pia." Mlikaa mkiwa mmeshikana mikono. Kisha ukawasha mshumaa wa Yusuf kama kila siku, na pembeni yake ukawasha wa pili.

Na ulikuwa na furaha, Mama! Hilo ndilo linalotushangaza mpaka leo. Mwanamke aliyekuwa akiamka mara tatu kukagua mitungi sasa alichapa usingizi mpaka Ilyas akaja kuuliza kama u mgonjwa, kwa kuwa hakuna aliyemsema. Barabara ilipofunguliwa siku ya kumi na tisa, stoo ilikuwa na mitungi mitatu. Ulisimama mlangoni ukaitazama, nami nikajiandaa kwa kilio. Ukasema, "Nimeshiba, Nuhad." Sikuwahi kukusikia ukisema neno hilo maishani mwangu.

Basi tangu hapo nani angekuzuia mdomo? Ulimsimulia daktari wa meno akiwa amekutia vyuma kinywani. Ulimsimulia askofu, akasahau kukupa mkono wa kubusu. Mgeni hakumaliza kikombe cha kwanza kabla hujaanza, "Mwaka ule wa theluji, mimi mwizi..." Na kila mara ulipofika kwa Fatum na sufuria yake ulilia upya, kisha ukacheka, kisha ukampa msikilizaji kitu cha kwenda nacho nyumbani. Watu walitoka kwako na mitungi. Wengine walitoka wakaenda moja kwa moja kupatana na ndugu zao.

Kisha ikaja sherehe ya uchumba wa Tannus kule Beirut, kwa wakwe wenye sakafu ya marumaru. Ulisimama na glasi ya araki ukaisimulia yote, na zizi, na redio, na Msyria uliyemfungia mlango. Baba mkwe alikohoa. Mama mkwe akauliza, "Kwa hiyo mlikuwa mnaficha chakula?" Tukafa kwa aibu. Tuliporudi tulikuweka kikao, sisi watatu, Rafqa kwenye simu. Tukakuambia, "Mama, tunakuomba, hiyo hadithi basi. Inatuvunjia jina." Ulitutazama mmoja mmoja. Ukasema, "Sawa, wanangu."

Ukanyamaza miaka miwili. Hukulalamika. Wageni walikunywa vikombe viwili wakaondoka. Tukadhani umeisahau.

Haya ambayo yanafuata Tannus na Rafqa hawakuyajua mpaka leo asubuhi. Siku mbili kabla ya kutuacha, hospitalini, muuguzi kijana alikuwa akikubadilishia shuka, macho yamemvimba. Ulimuuliza ana nini. Akasema amegombana na dada yake, mwaka wa tano sasa hawasemezani, na mama yao anaumwa. Ukajiinua kwa kiwiko. Uso ukakuchangamka, ule uso wako wa siku ya mitungi. Ukaanza, "Binti yangu, mwaka ule wa theluji..."

Kisha ukanitazama mimi. Ukakumbuka. Ukarudisha kichwa kwenye mto ukamwambia, "Basi, si kitu. Nenda salama."

Neno moja tu lingetosha. Endelea, Mama. Sikulisema. Nilikuwa na usingizi, niliona aibu mbele ya mgeni, nilidhani kuna kesho. Yule binti alitoka na shuka zake, nasi hatujui jina lake wala zamu yake. Kama bado uko kazini, dada, na gazeti hili limekufikia, hii ndiyo hadithi uliyokuwa upewe. Ni yako. Mama yetu alitaka ukaitumie kwa dada yako.

Misa ya kumbukumbu itasomwa Jumapili saa nne asubuhi katika kanisa la Mar Abda, Ain Sindyan. Tannus ndiye atakayesimama kusimulia, na wakwe zake wa Beirut wanapanda mlima kumsikiliza, kwa hiari yao.

Wanaokukumbuka: wanao Tannus na mkewe Karin, Rafqa na mumewe huko Kanada, nami Nuhad, wajukuu zako, jirani yako Mama Ruhana, ambaye ameagiza iandikwe kwamba nyama yako ilikuwa na chumvi, Ilyas, anayepiga kengele kwa wakati siku hizi na hana wa kumsifu, Khalaf na mtoto wako wa ndani ya koti, Hala. Na Fatum. Aliuliza kama jina lake linaweza kuwekwa mwishoni, chini ya majirani. Tumeliweka mwishoni kama alivyotaka, lakini umhesabu pamoja na wanao.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tulizo nazo. Wala hatutanyamaza tena.